Namna Nilivyoitunza Siri ya Mama Safaa

Jumatatu, 10 Januari 1994

Wiki ya pili kazini, msaidizi wa kliniki. Bado nina miaka kumi na minane. Bado naongea kwa sauti ambayo wagonjwa wanaomba irudiwe. Lakini leo nimeanzisha mageuzi.

Sababu ni kitabu. Binamu yangu Musau anasomea uuguzi, na ameniachia kitabu chake cha maadili na sheria za tiba mpaka Pasaka. Kinasema mambo ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Ugonjwa wake, dawa yake, hata kwamba alikuja. Nililia kidogo niliposoma. Kisha nikaifikiria kliniki yetu, nikaacha kulia nikaanza kuona haya.

Kliniki ni ya Daktari Makau, hapa Kamenu, Thika. Vyumba viwili na benchi nje. Sista Nyawira husimama mlangoni akiita wagonjwa kwa magonjwa yao. Wa kuhara aingie. Wa jipu asogee. Wewe wa kujikuna, acha kujificha nyuma ya mama wa kikohozi. Nilipomuuliza kwa nini asitumie majina, alisema kila boma lina Wairimu watatu, nyanya na wajukuu wawili waliopewa jina lake, na ukiita Wairimu wanaingia wote, na nyanya ndiye anayedungwa sindano ya mtoto.

Nikaja na namba. Vipande vya katoni, kila mtu chake. Hakuna jina, hakuna ugonjwa.

Mzee mmoja kutoka Kiandutu alinirudishia kipande chake kwa heshima. Alisema aliwahi kuitwa kwa namba miaka ya hamsini, kwenye kambi ya wakoloni, nyuma ya waya, na hakupenda. Mama mmoja wa mtoto mchanga, kwa haraka zake, akabadilishana kipande na mwanamume wa jino. Kwa hiyo mwanamume wa jino akaulizwa na Daktari ananyonyesha mara ngapi kwa siku.

Sista alivikusanya vipande, akawashia jiko la chai. Akaita wa jino. Benchi likaisha watu kabla maji hayajachemka.

Ameanza kuniita Wakili. 

Jumanne, 11 Januari

Nina siri. Ya kweli, ya kitabibu.

Mchana Mama Safaa aliingia kwa mlango wa nyuma. Jina lake ni Fatu, lakini tangu amzae Safaa anayemwita hivyo ni mumewe tu, akikasirika. Ana kibanda cha chapati ng'ambo ya barabara, kinatazamana na benchi letu. Vibarua wanaopanda kutoka Kiandutu asubuhi hawapiti bila kusimama kwake. Sista alikuwa ametoka kununua sukari, na Daktari hampimi mwanamke bila mwanamke mwingine chumbani. Mwanamke huyo nikawa mimi. Nilisimama wima kama bendera.

Ana mimba ya miezi mitatu.

 Mama Safaa akamuuliza Daktari kama haiwezi kuwa minyoo. Daktari akasema hajaona minyoo ya ukubwa huo.

Mama Safaa ana miaka arobaini na miwili. Safaa mwenyewe ameolewa Ruiru na anajifungua mwezi ujao, mtoto wa kwanza. Mama Safaa alinishika mkono, akaniuliza ni nyanya gani huyo anayetapika sambamba na binti yake. Watamcheka Thika, watamcheka Ruiru. Kwanza Safaa azae. Yeye ale heshima yake ya unyanya wiki chache tu, halafu tumbo lijitokeze likitaka. Hata mumewe Sele asiambiwe. Sele ni fundi wa baiskeli, na kila anayezibiwa pancha huondoka na habari zote za aliyezibiwa kabla yake.

Halafu kuna harusi. Jumamosi ya wiki ijayo Mama Kyengo wa Ruiru anamwoza binti yake, na chapati zote za karamu ameziagiza kwa Mama Safaa. Hajapata kazi kubwa hivyo maishani. Zikipendwa, harusi za Ruiru zitamjua, na ataondoka kando ya barabara. Zisipopendwa, atazeeka hapo hapo akimeza vumbi la malori.

Niliapa. Nilitaka kuapa juu ya kitabu cha maadili lakini nilikuwa nimekiacha nyumbani. Niliapa juu ya mizani ya watoto.

Jumatano, 12 Januari

Mtihani wa kwanza. Nimepita.

Ninaishi kwa Shangazi Nduku, dada yake baba. Wazazi wako Ngoliba na mbuzi wao. Shangazi ni mwenyekiti wa kikundi cha maombi cha kina mama, na kila jioni huniuliza nani aliugua leo. Mimi humtajia wale wa malaria. Malaria si siri, kila mtu anayo. Shangazi huwaombea kwa majina, na wengi hupona, kwa maombi au kwa vidonge.

Leo aliuliza kuhusu Mama Safaa. Kuna mtu alimwona akitapika nyuma ya kibanda. Nikamkumbusha kwamba Mama Safaa ni Mwislamu. Shangazi akasema homa haiulizi mtu anasali wapi, kwa nini yeye aulize. Lakini lazima ajue ni ugonjwa gani. Hawezi kusimama mbele za Mungu akasema kuna mtu ana kitu.

Nilikuwa tayari. Niliweka kijiko chini. Kitabu kinasema tuseme kwa upole, tukimtazama mtu machoni. Nikasema kwa upole kwamba kuhusu hali ya Mama Safaa sina ruhusa ya kusema neno lolote.

Akauliza, ni malaria? Nikasema sina ruhusa. Akasema malaria ningesema. Nikakubali, malaria ningesema. Akauliza, taifodi? Nikasema hata kama angetaja magonjwa yote ya dunia mpaka asubuhi, midomo yangu imefungwa na sheria.

Shangazi alisukuma sahani kando. Ugali wake ukapoa. Mwishoni akasema, maskini, na yule binti yake ana mimba. Akajifunga kitambaa chake cha kichwa, akatoka kwenda kwa wenzake.

Sikutoa hata neno moja. Nimelala kwa amani.

Alhamisi, 13 Januari

Kuna jambo sielewi. Asubuhi vibarua walipita kibanda cha Mama Safaa kama watu waliochelewa. Wakanunua mkate dukani. Saa nne karai lake bado lilikuwa limejaa. Mama Safaa alikuwa akifunika na kufunua, akifunika na kufunua.

Sista ndiye aliyenieleza. Jana kina mama walimwombea dada yetu wa chapati, aliyepatwa na ugonjwa ambao hata watu wa kliniki wanaogopa kuutaja. Sista akasema miaka hii ugonjwa wa namna hiyo ni mmoja tu, ule wa kukonda. Akanitazama. Nikatazama mizani.

Baadaye akaja Sele, mikono ina grisi, kofia mkononi. Akaomba nimwambie mkewe ana nini. Ananificha, alisema, anatapika akidhani nimelala.

Moyo uliniuma. Lakini kitabu kiko wazi. Mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye habari za mwili wake. Ndoa haibadilishi hilo. Nikamwambia Sele hivyo hivyo. Kisha nikakumbuka sura ya huruma, inayosema tusimwache ndugu wa mgonjwa peke yake na wasiwasi wake. Nikamwekea mkono begani. Nikamwambia, Baba Safaa, muhimu sasa ni kuwa karibu naye kwa muda mlio nao.

Nilimaanisha mpaka mtoto azaliwe.

Sele alikaa kwenye benchi kati ya wa kikohozi na wa jicho. Alikaa hapo mpaka Sista akamuuliza yeye ni wa nini.

Ijumaa, 14 Januari

Mama Safaa hana wateja lakini anang'aa. Aliniita ng'ambo ya barabara kunisimulia. Sele amefua nguo. Sele, ambaye tangu waoane hajawahi kujua beseni linawekwa wapi. Amechota maji. Amemletea tufaha, moja, limefungwa kwenye gazeti, kama mtu aliyelazwa hospitali. Jana usiku alimtazama sana, akamwambia kwamba mwaka ule alipomkataza kwenda kwao Ngoliba alikosea. Leo amekuja na mwavuli, anamkinga jua akikaanga.

Mama Safaa anadhani ni ukubwa. Wanaume wengine huiva wakichelewa, alisema.

Mimi najua si ukubwa. Na hapo ndipo penye shida ya kimaadili. Je, hofu ya Sele si siri ya Sele? Aliniambia ndani ya kliniki, mimi nikiwa kazini. Nikimwambia mkewe kwamba Sele anadhani anakufa, nimetoa siri ya Sele. Nikimwambia Sele kwamba mkewe hafi, nimetoa siri ya Mama Safaa, maana atauliza, basi anatapikia nini? Nimekisoma kitabu kuanzia jalada. Hakina sura ya mume na mke.

Nimeamua kuwatunzia wote wawili. Nilikula chapati ya bure nikiwaza. Mama Safaa ni mpishi hasa.

Jumamosi, 15 Januari

Mpango: watu hawaamini maneno, wanaamini macho. Wakimwona mtu wa kliniki anakula chapati za Mama Safaa bila woga, wataacha upuzi. Siri haiguswi. Sihitaji hata kufungua mdomo isipokuwa kwa kula.

Nilichukua koti jeupe la akiba la Sista. Saa moja asubuhi, vibarua wanapita. Nikasimama katikati, mahali ambapo hakuna asiyeniona, nikala. Kwa mtu mwenye haya kama mimi ilikuwa vita. Macho yote yale. Ya kwanza ilishuka vizuri. Ya pili nikatabasamu nayo. Watu wawili walipunguza mwendo. Nikaona mpango unafanya kazi, nikaongeza kasi. Sikumbuki nilikula ngapi. Nakumbuka Mama Safaa akiniambia, mwanangu, tafuna basi.

Jua lilikuwa limeshapanda. Koti lilikuwa la Sista, zito, limenibana shingoni. Chai ilikuwa ya moto.

Nilitapika mbele ya kibanda. Nikiwa ndani ya koti jeupe.

Kijana mmoja mwenye sururu aliwaambia wenzake kwamba hata wa kliniki zimemshinda. Sele alinikinga na mwavuli. Alilia. Alisema, mtoto wa watu, naye pia.

Jumatatu, 17 Januari

Baya kuliko yote. Shangazi amerudi kutoka Ruiru, alikwenda kusaidia maandalizi ya harusi. Mama Kyengo ameghairi. Mkate wa duka utatosha, amesema, na asiyeshiba mkate atakula wali. Shangazi hakumshauri afanye hivyo. Alimwomba tu amkumbuke Mama Safaa katika maombi, na kina mama waliokuwepo wakamalizia wenyewe.

Niliona Mama Safaa akipewa habari hiyo. Aliletewa na Sele.  Aliendelea kukanda unga ambao hakuwa na wa kumuuzia. Baadaye akaniuliza, Wayua, watu wana nini na mimi? Nami namjua kila mtu na kila alicho nacho, na nikamuuliza tu bei ya unga.

Niliomba ruhusa ya nusu siku kesho. Sista alisema niende hata mwezi. Ninakwenda Ruiru.

Jumanne, 18 Januari

Ushindi. Acha niandike polepole.

Nilimkuta Mama Kyengo uani kwake na kina mama wenzake, kila mmoja na ungo wa mchele. Ni mwanamke mpana, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni, amezaa sita. Nilikuwa nimeikariri hotuba yangu. Niliitoa nikitazama miguu yangu.

Nilisema sitazungumza habari za mgonjwa yeyote. Nitazungumza kwa kanuni. Kwa kanuni, kuna hali ambazo hazipiti kwenye chapati. Mama Kyengo akauliza hali hiyo hupitia wapi basi. Nikasema sina ruhusa, lakini mpishi hawezi kabisa kumpa mgeni wa harusi. Mwanamke mmoja akauliza kama mume anaweza kumpa mke. Nikafikiri kwa uaminifu, nikasema hiyo ndiyo njia ya kawaida. Wakatazamana kwa huzuni.

Mama Kyengo akauliza, atapona? Nikasema atapona kabisa. Lini? Nikasema mwezi wa saba. Kwa dawa gani? Nikasema huisha yenyewe, ingawa ni vizuri siku hiyo awepo mtu mzima wa kumshika mkono.

Nyungo zote zilisimama. Mama Kyengo alitazama juu. Alianza kukunja vidole, mmoja mmoja, akirudi nyuma. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo sana, kama hiyo hali ikishaisha itahitaji kufumiwa sweta.

Nikasema kuhusu mavazi sina ruhusa.

Sijui walichocheka. Mchele ulimwagika. Mmoja alilazimika kwenda kujishikilia kwenye mlango. Mama Kyengo alinikumbatia mpaka nikakosa hewa, akasema mtoto wa mtu nimefunzwa vizuri, mdomo wangu ni kufuli, na Mama Safaa aambiwe chapati ni zile zile, na aongeze nyingine.

Agizo limerudi na siri iko nzima. Nilikula wali wao nikiwa mtu mwenye furaha.

Alhamisi, 20 Januari

Siri haiko nzima.

Saa tatu benchi limejaa, Sele yuko kibandani na mwavuli wake, Mama Safaa anapima unga wa harusi. Akatokea Safaa kutoka Ruiru. Tumbo lake lilifika kabla yake. Hakusalimia. Akiwa bado ng'ambo ya barabara alimuuliza mama yake ni haki kweli yeye aambiwe sokoni, na mama wa harusi, kwamba anapata mdogo wake mwezi wa saba.

Benchi zima likanyamaza. Hata wa kikohozi.

Sele akauliza mdogo gani. Safaa akasema mdogo wangu, Baba, kwani wewe hukuwepo? Sele akasema kwa hiyo mama yako hafi. Safaa akauliza nani anakufa. Mama Safaa akaweka chini kile kijiti cha kusukumia. Akamgeukia mumewe, akamuuliza taratibu nani alimwambia yeye anakufa. Sele akanyoosha kidole chenye grisi kuvuka barabara, juu ya malori, mpaka kwangu.

Nilivuka.  Mama Safaa alisema, Wayua, ulimwambia nani? Nikasema ukweli. Sikumwambia mtu yeyote kitu chochote.

Akasema, basi hicho ndicho kilichotuua.

Hapo Sista Nyawira, kutoka mlangoni, akaita kwa sauti yake ya siku zote kwamba wa mimba asogee, apewe hongera zake. Mtu mmoja akacheka. Kisha benchi zima. Kisha Safaa mwenyewe, akijishika tumbo kwa mkono mmoja na la mama yake kwa mwingine. Mama Safaa alijifunika uso kwa leso. Mabega yalikuwa yakitetemeka, na nilidhani ni kilio mpaka aliposhusha leso, kumbe anacheka.

Kabla ya saa sita karai lilikuwa tupu. Vibarua walikula wamesimama. Yule kijana wa sururu alinunua mbili, akaniambia pole.

Mama Safaa hakuniaga.

Ijumaa, 21 Januari

Daktari Makau aliniita ndani, akafunga mlango. Nilidhani ni kuachishwa kazi. Alikuwa na chapati mkononi.

Alisema kosa langu halikuanza na Mama Safaa. Lilianza na malaria. Kwa kuwa kila jioni nawatangaza wenye malaria, siku nikinyamaza nakuwa nimetangaza kitu kingine. Sheria haisemi tufiche magonjwa ya aibu. Inasema tumfiche mgonjwa, hata akiwa na mwiba mguuni. Mtu akiuliza, mwambie hujui habari za mtu, kisha uliza kama mvua itanyesha. Na ule mkono begani, alisema, nisiuweke tena kwenye bega la mtu. Kuhusu Ruiru alisema niliwaambia yote isipokuwa neno lenyewe. Anaweza kushtakiwa kwa ajili yangu, na mali aliyonayo ni lile benchi.

Kisha alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alivuka barabara, yeye Daktari, mbele ya vibarua, akamwomba Mama Safaa msamaha. Alisema siri ilitoka kwenye nyumba yake, kwa hiyo ni kosa lake. Mimi nilisimama nyuma yake na kuomba langu kwa sauti ambayo ilibidi irudiwe.

Mama Safaa alisema la siri limepita. Safaa amefurahi, wamekubaliana watoto watavaa nguo zile zile. Lakini kuna jambo moja haliwezi kusamehewa. Sele ameacha kufua. Tangu jana saa tatu beseni halijaguswa. Siku saba nzuri kuliko zote za ndoa yake, alisema, na wewe ukanichukulia.

Hukumu yangu: kesho alfajiri nikamsaidie kusukuma chapati za harusi. Zote.

Jumapili, 23 Januari

Mikono yangu haifungi vizuri, nisamehewe mwandiko.

Harusi ilikuwa nzuri. Chapati ziliisha kabla ya wali, na watoto wakaanza kupigania makombo. Mama Kyengo alimsimamisha Mama Safaa mbele ya wageni, akamtaja. Kina mama watatu walimfuata pembeni kuulizia harusi za mwezi wa nne. Yeye na Safaa waliketi viti vya mbele, wamepumzisha mikono juu ya matumbo yao, wakipokea salamu kama wazee wa baraza. Hakuna aliyecheka. Au walicheka, lakini vizuri. Nilikaa nyuma karibu na sufuria, sikuzungumza na mtu, nikafurahi kupita kiasi.

Jioni hii, baada ya kanisa, Shangazi aliuliza kama kawaida nani alikuja kliniki juzi. Nikatumia kanuni ya Daktari. Nikamwambia kuanzia leo sisemi habari za mgonjwa yeyote, hata mwenye malaria, hata mwenye mwiba. Wote sawa.

Shangazi alitikisa kichwa kukubali. Lakini sikuwa na hakika kama ameelewa, na jambo la muhimu kama hili linahitaji mfano. Nikamwambia achukue mtu kama Mzee Ndung'u, anayekusanya sadaka kanisani. Hata kama angekuja kwa mlango wa nyuma. Hata kama angekaa ndani na Daktari mpaka taa ikawashwa. Hata kama angeambiwa Jumatatu arudi na mkewe, na asikose. Mimi nisingesema kitu.

Shangazi aliacha kutafuna. Akauliza, na mkewe?

Nikamwambia habari za wake pia sisemi. Kisha, kama nilivyofundishwa, nikamuuliza kama anaona mvua itanyesha.

 Shangazi aliinuka, akajifunga kitambaa chake cha kichwa, akatoka kwa haraka kidogo. Nadhani hatimaye tumeelewana.